Urefu wa Fito Nne

Msomaji, ukishuka garini mtaani Free Area, upande wa mashariki wa Nakuru kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, utasikia mengi kabla hujaona kitu: honi za matatu, nyundo juu ya mabati, redio za vibandani. Chini ya makelele hayo iko sauti nyingine, nyepesi na ya mfululizo, mithili ya mvua ndogo inyeshayo juu ya majani makavu. Hiyo ni sauti ya cherehani za kukanyaga. Mshonaji huketi barazani, macho yake juu ya kitambaa, na wapita njia hutazama mikono yake au rangi ya nguo aishonayo. Nakuomba siku moja usitazame hayo. Omba ruhusa, uiname kidogo, utazame chini ya meza.

Chini ya meza ziko fito nne. Ufito wa kwanza ni kanyagio, ambalo huinama na kuinuka juu ya mhimili wake bila kuzunguka kamwe. Wa pili ni chuma kirefu kilichosimama, kishikacho kanyagio kwa chini na gurudumu kwa juu. Wa tatu ni mfupi mno, hata wengi hawauhesabu: ni ule mkono utokao katikati ya gurudumu kubwa mpaka kwenye pini ishikayo chuma kirefu. Wa nne hauendi popote. Huo ni kiunzi chenyewe kilichosimama sakafuni, kiwekacho mhimili wa kanyagio na mhimili wa gurudumu mahali pamoja siku zote, visikaribiane wala visiachane. Usiudharau ufito huo kwa utulivu wake. Katika jamaa nyingi yuko mtu wa namna hiyo, na kazi yake hujulikana siku atakapoondoka.

Mguu wa mtu aliyeketi hujua kushuka na kupanda. Gurudumu hujua kuzunguka. Lugha zao hazisikilizani. Fito nne hizi ndizo mkalimani baina yao, na tabia yote ya mkalimani huyo imo katika vipimo vinne, yaani urefu wa kila ufito toka tundu hadi tundu. Rangi ya chuma, jina la Singer au la Butterfly lililoandikwa ubavuni, uzuri wa mbao ya meza, yote hayo hayaugeuzi mwendo hata kidogo. Urefu huugeuza wote.

Kama huniamini, na mwanafunzi hapaswi kuamini upesi, chukua kadibodi ukate vipande vinne. Toboa tundu karibu na kila ncha, ukipima toka tundu hadi tundu: sentimita 12, 3, 10 na 8. Viunganishe kwa pini kwa mfuatano huo huo, mpaka cha 8 kikutane tena na cha 12. Kigandamize cha 12 juu ya meza, maana hicho ndicho kiunzi, kisha zungusha cha 3. Kitazunguka duara zima, na cha 8 kitayumba huku na huku kama kanyagio. Sasa kiondoe cha 3, uweke kingine cha sentimita 7. Kitakwenda kidogo, kisha kitagoma.

Mjerumani Franz Grashof aliieleza kanuni ya jambo hili mwaka 1883. Chukua ufito mfupi kuliko zote na ufito mrefu kuliko zote, ujumlishe. Jumla hiyo isizidi jumla ya fito mbili zilizobaki. Katika jaribio la kwanza 3 na 12 ni 15, ilhali 10 na 8 ni 18. Kwa hiyo mkono ulizunguka. Katika la pili 7 na 12 ni 19, na 19 imeipita 18. Kanuni ni fupi hivyo, nayo humwokoa fundi asipoteze chuma chake.

Walakini kuzunguka si kuzunguka vema. Katika kila mzunguko ziko nafasi mbili ambazo mkono mfupi na chuma kirefu hulala katika mstari mmoja. Hapo, ukanyage utakavyo, nguvu yako hailigeuzi gurudumu. Gurudumu huvuka mahali hapo kwa uzito wake na mwendo lililokwisha kuupata, na ndiyo sababu likafanywa zito. Mwanafunzi wa ushonaji asiyezoea husimama papo hapo, kisha gurudumu humrudia nyuma na uzi hukatika. Tena iko pembe baina ya chuma kirefu na kanyagio. Ikiwa karibu na digrii 90, nguvu ya mguu hupita vizuri. Ikishuka chini ya digrii 40 hivi, sehemu kubwa ya nguvu hupotea katika kusukuma mihimili, na mihimili hulika. Tena yako mambo ya meza, goti na sakafu. Kila moja lina dai lake juu ya urefu wa fito.

Basi urefu ulio bora utapatikanaje? Tufanye hesabu ndogo. Kiunzi kimekwisha kuundwa kiwandani, hatukigusi. Zimebaki fito tatu. Tuseme kila mmoja twaweza kuupa urefu wa namna 20. Machaguo yatakuwa 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Mchoraji hodari mwenye bikari na rula huenda akamaliza kuchunguza chaguo moja kwa dakika 10. Kwa yote atahitaji dakika 80,000, nazo ni zaidi ya siku 55 mchana na usiku, pasipo kula wala kulala. Haishangazi kwamba kwa karne nyingi mafundi walichagua kwa jicho na mazoea, na aliyepata vipimo vizuri alivitunza kama mali.

Hata hivyo walikuwapo watu ambao jicho na mazoea havikuwatosha. Mskoti James Watt alipata mwaka 1784 fito za kuongoza fimbo ya injini ya mvuke iende karibu sawa na mstari ulionyooka, na uzeeni alimwambia mwanawe kwamba aliionea fahari kazi hiyo kuliko uvumbuzi wake wowote mwingine. Nakuomba uliangalie neno "karibu". Mstari wa Watt ulipinda kidogo. Mrusi Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati aliyeishi toka 1821 hadi 1894, akauliza swali ambalo laonekana dogo: ikiwa ni lazima mstari upinde, ni upi upindaji ulio mdogo kuliko wote uwezekanao? Aliandika juu ya jambo hili mwaka 1854, na kutoka katika fito za injini likazaliwa tawi zima la hisabati, ambalo leo hutumika hata mahali pasipo na injini wala fito. Miaka 100 baadaye, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Ferdinand Freudenstein aliziweka fito nne katika mlinganyo mmoja, ukafika wakati ule ule ambapo kompyuta zilikuwa zikianza kuingia kazini.

Kompyuta ya leo humaliza machaguo yetu 8,000 kabla mshonaji hajatia uzi sindanoni. Lakini usidhani kwamba wingi wa nguvu umemaliza mambo. Zipo mashine zenye fito nyingi zaidi. Mholanzi Theo Jansen, msanii aundaye wanyama wa mabomba watembeao ufuoni kwa nguvu za upepo, alihitaji vipimo 11 kwa mguu mmoja. Ukivipa vipimo hivyo namna 20 kila kimoja, machaguo hupita trilioni 204, na kompyuta ichunguzayo miguu 1,000,000 kwa sekunde moja ingefanya kazi hiyo kwa miaka 6 na nusu. Hapo ndipo akili huhitajiwa kuliko nguvu.

Njia moja ni ya mtu apandaye mlima katika ukungu. Kaskazini ya jiji la Nakuru uko mlima Menengai, ambao kilele chake kiko mita 2,278 juu ya bahari. Tuseme umewekwa mahali fulani ubavuni mwake alfajiri, na ukungu umekuzunguka hata huoni zaidi ya hatua moja. Umeambiwa ufike kileleni. Utafanyaje? Utapapasa kwa mguu kila upande, ukanyage pale panapopanda zaidi, kisha utapapasa tena. Ukifika mahali ambapo kila upande unashuka, utasimama na kusema, "Nimefika." Ndivyo kompyuta ifanyavyo: hurefusha ufito kidogo, hutazama kama mashine imekuwa bora, hufuata upande uletao faida. Njia hii ni ya haraka, na walimu wake huipenda. Hatari yake waiona mwenyewe: huenda umesimama juu ya kichuguu, na Menengai ungali mbele yako katika ukungu. Dawa iliyo rahisi ni kuwatuma wapandaji wengi, kila mmoja toka mahali pake, kisha kuwauliza nani yuko juu zaidi.

Njia nyingine yajulikana sana na wakulima wa upande huu. Huko Njoro, kusini-magharibi ya Nakuru, kiko kituo cha utafiti wa mbegu kilichoanzishwa mwaka 1927. Tangu mwaka 2005 ngano za nchi nyingi zimekuwa zikipandwa huko ili zikabiliwe na ule ugonjwa wa kutu ya shina uitwao Ug99, ulioonekana Uganda mwaka 1998. Ngano ishindwayo huachwa. Ile isimamayo huchanganywa na nyingine iliyosimama, na watoto wao hupandwa tena wajaribiwe. Hakuna ajuaye mapema ni mbegu gani itakayotokea. Shamba ndilo mwamuzi. Mwaka 1975 Mmarekani John Holland alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba namba nazo zaweza kuzalishwa hivyo. Jansen, mnamo mwaka 1990, alitengeneza ndani ya kompyuta miguu 1,500 yenye vipimo vya kubahatisha, akachagua ile 100 iliyotembea vizuri, akachanganya vipimo vyake, akajaribu tena. Kompyuta yake ilifanya kazi hiyo usiku na mchana kwa miezi. Vipimo 11 vilivyopatikana ndivyo vilivyowatembesha wanyama wake.

Mbinu hizo ni nzuri, na wewe unayependa hisabati huenda ukazipita siku moja. Lakini katika zote liko neno moja ambalo nimelitumia mara nyingi bila kulieleza, nalo ni neno "bora". Kompyuta hailijui. Ngano ya Njoro ni bora kwa sababu mtu amesema kutu ni adui. Mguu wa Jansen ni bora kwa sababu mtu amesema kwamba unyayo uende sawasawa ugusapo ardhi. Nani husema neno hilo kwa ajili ya cherehani?

Shangazi yangu ni mshonaji wa hapo Free Area. Utotoni alipatwa na polio, ikauacha mguu wake wa kulia bila nguvu, na kwa miaka mingi mguu wa kushoto umefanya kazi ya yote miwili. Kifundo cha mguu huo kilianza kukakamaa. Mimi kazi yangu ni kuchora sehemu za mashine, basi nilikwenda kwake na kipima-pembe cha shule. Mguu wake uliweza kuyumba digrii 18 bila maumivu, na kufika 22 kwa maumivu. Kisha nikapima cherehani. Mkono mfupi milimita 40, chuma kirefu 380, kanyagio toka mhimili hadi kiungo 160, na baina ya mihimili miwili 412. Fito hizo hulitaka kanyagio liyumbe digrii 29. Tofauti hiyo ya digrii 11 alikuwa akiifidia kwa kuinua paja na kupindisha kiuno, na kila usiku aliilipia kwa maji ya moto na chumvi.

Watu walimshauri atie mota ya umeme. Alisema kwamba bili ya stima haimwulizi mtu kama wateja wamelipa, na kwamba stima hupotea siku ile ile ambayo mzazi amekuja kuchukua sare ya mtoto. Sikuwa na jibu.

Nikarudi kwenye hesabu. Niliiambia kompyuta masharti: gurudumu lizunguke zima, kanyagio lisiyumbe zaidi ya digrii 18, pembe ya chuma kirefu isiharibike, tena lisitakiwe jambo lolote ambalo fundi wa jua kali hawezi kulifanya kwa tindo, keekee na mashine ya kuchomea. Jibu lilikuja rahisi kuliko nilivyotazamia. Acha fito nyingine zote kama zilivyo, fupisha mkono mfupi toka milimita 40 hadi 25. Kanyagio litayumba digrii 18 barabara, na ile pembe haitashuka chini ya digrii 80.

Hapo mwanafunzi wa fizikia atainua mkono, na ana haki. Kazi ya nguvu haidanganywi. Mguu ukisafiri kidogo, lazima usukume zaidi. Kwa mkono wa milimita 25 ingempasa shangazi akanyage kwa nguvu mara 1.6 ya zile za kwanza. Kifundo kigonjwa hakina nguvu hizo. Njia ya kuipunguza ni kulibadili gurudumu dogo la juu, lile livutwalo na mkanda, liwe kubwa zaidi. Zamani kila mzunguko wa chini ulishusha sindano mara 4. Ili nguvu ya mguu ibaki ile ile, mkono wa 30 ungetaka sindano ishuke mara 3, na mkono wa 25 ungetaka mara 2.5. Mshono uliomalizika kwa siku 5 ungetaka siku 8, ijapokuwa kukata na kupiga pasi kungebaki vile vile.

Kwa hiyo hesabu haikutoa jibu moja. Ilitoa safu ya majibu, na katika safu hiyo huwezi kuongeza upole kwa kifundo ila kwa kupunguza kasi ya sindano. Wasomi huyaita majibu ya namna hiyo kwa jina la Vilfredo Pareto, mchumi Mtaliano aliyeishi toka 1848 hadi 1923. Mimi niliiandika safu hiyo kwenye karatasi, nikaweka alama ya duara juu ya 25, nikampelekea shangazi.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko wahandisi wengi ninaowajua. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwenye karatasi hii Januari iko wapi?"

Yapasa nikueleze. Mwezi wa Januari shule hufunguliwa. Sare zishonwazo toka Krismasi hata mwisho wa mwezi huo ndizo zilipazo kodi ya chumba chake kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mzazi asiyepata shati kwa siku aliyoahidiwa huenda dukani, na mwaka ufuatao harudi. Baada ya hapo kazi ni ya polepole: zipu, pindo, gauni moja la arusi. Karatasi yangu ilikuwa na mshonaji mmoja na mwaka mmoja usio na miezi.

"Toboa matundu mawili," akamwambia fundi. "La 25 na la 30."

Nilimkumbusha kwamba tundu la 30 lataka digrii 22, na digrii 22 ni mahali pa maumivu. Nilisema kwa maneno mengi, maana nilikuwa na hofu ya kweli. Kifundo kikiharibika hakuna mguu wa tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maumivu ya wiki tano nayajua bei yake," akasema, "na kodi ya nyumba naijua bei yake. Wewe umenipimia mguu vizuri. Niachie mimi kuupangia kazi."

Fundi alichomelea bamba dogo la chuma kwenye gurudumu kubwa, akatoboa matundu mawili, milimita 25 na 30 toka katikati. Kwa juu alitia gurudumu dogo lenye mifereji miwili, na shangazi akakata mikanda miwili ya ngozi, mmoja kwa kila mfereji. Tulijaribu siku hiyo hiyo kwa kitambaa cha kaki. Kwa tundu la 25 uso wake ulitulia, na sindano ilikwenda kama mzee aendaye sokoni. Kwa tundu la 30 aliuma mdomo kidogo, naye akashona ukosi mzima bila kusimama.

Mimi ningali nalipenda tundu la 25, na kila Januari humuuliza kifundo chasemaje. Hunijibu kwamba chasema habari za kawaida. Ifikapo siku ya kwanza ya Februari mwanagenzi wa yule fundi huja na spana namba 13, huinama chini ya meza, hulegeza nati moja, huirudisha pini kwenye tundu la 25 na kubadili mkanda. Kazi hiyo haizidi dakika 5, na shangazi hamlipi kwa fedha. Humpa chai na mkate, na mara nyingine humshonea kifungo kilichokatika.